Randa Kuukuu au Randa Mpya? Sayansi ya Kuchagua Zana ya Seremala

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alihitimu mafunzo ya useremala, akaja nyumbani kuniomba ushauri. Alikuwa amejiwekea akiba inayotosha kununua randa moja tu. Mzee mmoja wa mtaani kwao, seremala aliyekwisha kustaafu, alikuwa tayari kumwuzia randa yake ya chuma, yenye kutu na mpini uliopasuka. Dukani, kwa bei iyo hiyo, palikuwa na randa mpya ndani ya boksi lake, iking'aa. Mimi, niliyesomea metali ng'ambo hadi nikapata shahada ya uzamivu, nilimjibu pasipo kufikiri sana: "Nunua mpya, mjomba. Cha zamani kina siri zake."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa meza ya mninga. Randa ile mpya iliruka-ruka juu ya ubao, ikaacha mistari ya mikwaruzo, na mahali penye nyuzi za msokoto ikang'oa vipande badala ya kukata. Mteja aliikataa meza. Mbao zilipotea, na kijana akabaki na deni. Bingwa wa metali nilikuwa mimi, lakini hasara ilikuwa yake.

Makala haya yameandikwa ili mwanafunzi au mwalimu atakayekabiliwa na swali hilo alijibu vizuri zaidi kuliko nilivyolijibu mimi. Swali lenyewe huonekana kuwa la fundi peke yake. Lakini tukilichunguza kwa makini tutaona kwamba ndani yake mna fizikia, kemia, hisabati, na hata somo la uchumi.

RANDA NA ASILI YAKE

Randa ni chombo cha kulainisha na kunyoosha ubao kwa kuparua tabaka nyembamba za mti. Jina lenyewe lina asili ya Kiajemi, nalo latumika pia katika lugha za Bara Hindi. Chombo chenyewe ni cha kale sana. Randa za Warumi zimefukuliwa katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvio mwaka 79. Mtu akizitazama randa hizo leo, hahitaji kuelezwa kazi yake: zina kitako, mdomo, na kisu kilichoegemezwa kwa mshazari.

Kwa karne nyingi mwili wa randa ulikuwa wa mti, na kisu kilikazwa kwa kabari iliyogongwa kwa nyundo. Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19 huko Marekani. Fundi Leonard Bailey alibuni randa ya chuma ambayo kisu chake huteremshwa au kuinuliwa kwa kuzungusha gurudumu dogo, na kubanwa kwa kibanio chenye wenzo. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, ilinunua haki za uvumbuzi wake. Muda wa haki hizo ulipokwisha, viwanda vingine vilifuata mfano huo. Miongoni mwao ni kile cha Sheffield, Uingereza, kilichoanza kutengeneza randa za jina la Record mwaka 1931. Randa nyingi za chuma zinazouzwa leo duniani, ziwe mpya au kuukuu, ni watoto na wajukuu wa randa ya Bailey.

Afrika Mashariki randa hizo ziliingia kwa njia ya karakana za reli, za misheni na za shule za ufundi, na kwa mafundi walioagiza vifaa kutoka Ulaya. Baadaye zilikuja pia randa zilizokwisha kutumika huko. Shirika la Tools for Self Reliance, lililoanzishwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, lilikusanya zana kuukuu kutoka kwa watu wasiozihitaji tena, likazikarabati, na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania. Kwa hiyo randa kuukuu si kitu kigeni kwetu. Lililopungua ni maarifa ya kuitambua iliyo njema na kuitenga na iliyo mbovu.

JINSI KISU KINAVYOKATA MTI

Hatuwezi kuhukumu ubora wa randa kabla ya kuelewa kazi yake. Mti si kitu cha namna moja kama sabuni. Umejengwa kwa nyuzi ndefu zilizoshikamana ubavu kwa ubavu, na kushikamana huko ni dhaifu kuliko uzi wenyewe. Ndiyo maana kuni hupasuka kirahisi kwa urefu wake, bali kukatwa kwa upana ni kazi.

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Norman Franz, alichapisha uchunguzi wake juu ya namna kisu kinavyokata mti. Alionyesha kwamba maranda huweza kutokea kwa njia tatu. Katika njia ya kwanza, kisu huinua nyuzi, na ufa ukatangulia mbele ya makali. Ufa huo ukifuata nyuzi zinazozama ndani ya ubao, vipande hung'oka na kuacha mashimo. Katika njia ya pili, mti hukatika pale pale makali yalipo, randa likatoka refu na laini, na uso wa ubao ukabaki safi. Katika njia ya tatu, kisu butu, au kilichosimama wima mno, huziponda nyuzi badala ya kuzikata, na uso ukawa na manyoya.

Seremala hutafuta njia ya pili. Ili kuipata anahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: makali mapevu, kisu kisichotikisika, na kizuizi kinachouvunja ufa kabla haujatangulia. Mambo haya matatu ndiyo mzani wetu. Randa yoyote inayoyatimiza ni njema, hata kama ina umri wa miaka themanini. Isiyoyatimiza ni mbaya, hata kama imetoka kiwandani jana.

SEHEMU NNE ZINAZOAMUA UBORA

Sehemu ya kwanza ni kitako, yaani uso wa chini unaoteleza juu ya ubao. Tuseme kitako kimebonyea katikati, kwenye mdomo, kwa kiasi cha milimita 0.1, ambao ni unene wa karatasi ya kawaida ya daftari. Randa ikiwekwa juu ya ubao ulionyooka, itakanyaga kwa ncha zake mbili tu, na mdomo utaning'inia. Kisu sharti kitokeze zaidi ya milimita 0.1 ndipo kiuguse ubao. Hapo haiwezekani tena kuparua tabaka jembamba la milimita 0.05 kwa utulivu. Fundi atasukuma bila kukata, ataongeza kisu, kisha atakata kupita kiasi. Kitako si lazima kiwe sawasawa kila mahali. Lakini ncha ya mbele, ukingo wa mbele wa mdomo, na ncha ya nyuma lazima vilingane.

Sehemu ya pili ni kiti cha kisu, yaani kile kipande cha chuma chenye mwinamo wa digrii 45 ambacho kisu hukiegemea. Kiti kikiwa na rangi, makunyanzi au uvimbe, kisu hukigusa mahali pachache, nacho hupata nafasi ya kutikisika. Mtikisiko huo ndio unaochora mistari juu ya ubao. Hiki ndicho kilichokuwa kilema cha randa ya mpwa wangu. Tulipoifungua tulikuta kiti kimepakwa rangi nzito mahali ambapo chuma kitupu kingepaswa kukutana na chuma kitupu.

Sehemu ya tatu ni kisu. Visu vya zamani vya randa za Bailey vina unene wa takriban milimita 2, hali baadhi ya randa mpya za bei kubwa zina visu vya milimita 3 au zaidi. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba uwezo wa bapa kukataa kupindika hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Kwa hiyo kisu cha milimita 3, kikiwa cha metali ile ile, ni kigumu kupindika mara 27/8, yaani mara 3.4 hivi, kuliko cha milimita 2. Hii ni faida ya kweli. Hata hivyo kisu chembamba kilichokaa vyema juu ya kiti kilicho sawa hakina nafasi ya kupindika. Unene humsaidia hasa yule ambaye kiti chake kina kasoro.

Sehemu ya nne ni kifuniko cha kisu, lile bapa la pili linalofungwa juu ya kisu kwa parafujo. Wengi hudhani kazi yake ni kukandamiza tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata nchini Japani, Yasunori Kawai na Chutaro Kato, walipiga filamu ya ukataji kwa ukaribu sana, wakaonyesha kazi yake nyingine. Kifuniko kikiwekwa umbali wa takriban sehemu ya kumi ya milimita kutoka kwenye makali, hulisukuma randa linalopanda, likajikunja mapema, na ufa haupati nafasi ya kutangulia. Hili ni jambo kubwa kwetu, kwa kuwa mbao zetu kadhaa, mvule ukiwa mmojawapo, zina nyuzi zilizofumana, zinazopanda upande mmoja na kuzama upande mwingine. Kifuniko kilichonyooka na kuziba barabara juu ya kisu chaweza kuiokoa meza. Chenye mwanya hupitisha maranda katikati yake na kuuziba mdomo.

CHUMA KINACHOPUMZIKA

Mafundi wazee husema kwamba randa ya zamani "imetulia". Usemi huu una ukweli wa kisayansi, ingawa huongezwa chumvi.

Mwili wa randa hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Chuma hiki kina kaboni ya asilimia 2.5 hadi 4 hivi. Kinapopoa, mashavu membamba ya randa hupoa kwanza na kuwa magumu, hali sehemu nene ya katikati ingali na moto. Sehemu hiyo nayo inapopoa hutaka kusinyaa, lakini mashavu yanaizuia. Matokeo yake ni mvutano uliofungiwa ndani ya chuma. Kiwanda kinapokwangua kitako ili kukinyoosha, huondoa sehemu ya chuma iliyokuwa ikishiriki katika mizani hiyo, na mwili hupindika kidogo kutafuta mizani mpya.

Dawa ya tatizo hili ni kukipasha chuma moto wa kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za sentigredi kwa saa kadhaa, kisha kukipoza polepole, ndipo kikwanguliwe. Dawa nyingine ni kukiacha kipumzike muda mrefu kati ya kumiminwa na kukwanguliwa. Zote mbili zina gharama. Kiwanda kinachoshindania bei ya chini hushawishika kuziruka, na randa iliyotoka ikiwa imenyooka huweza kufika dukani imepinda. Randa yenye miaka sitini kwa sehemu kubwa imekwisha kupinda kadiri ilivyotaka kupinda. Ukiinyoosha leo, yaelekea itabaki hivyo.

Tusikimbilie, hata hivyo, kusema kwamba kila cha kale ni bora. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine za umeme zilipunguza soko la randa za mkono, na watengenezaji wengi walipunguza gharama. Hivyo "kuukuu" ya miaka ya 1930 si sawa na "kuukuu" ya miaka ya 1980. Tena kuna mtego wa kimantiki unaopaswa kufundishwa madarasani. Randa kuukuu tunazoziona ni zile tu zilizosalia, hali nyingi zilizovunjika zilikwisha kuyeyushwa. Na nyingine zilisalia kwa sababu hazikufaa, zikatupwa kabatini zisitumike. Kwa sababu hiyo napendelea randa ambayo kisu chake kimepungua kwa kunolewa na mpini wake umelainika kwa viganja. Uchakavu wa namna hiyo ni shahada yake: fundi fulani aliitumia kila siku asiichoke.

KASORO ZISIZOTIBIKA NA ZINAZOTIBIKA

Mnunuzi wa randa kuukuu ni kama daktari anayepokea mgonjwa. Kazi yake ya kwanza ni kutenga maradhi ya kufa na maradhi ya kupona.

Kasoro zifuatazo ni sababu ya kuiacha randa hata ikitolewa kwa bei ya kutupa:

1. Ufa katika kitako, hasa kwenye pembe za mdomo, au katika mashavu. Chuma cha kusubu huvunjika bila kupinda, kwa kuwa kaboni yake imekaa ndani kama vijani vyembamba vya grafiti, na kila kijani ni mwanzo wa ufa. Kuchomelea chuma hiki ni kazi ngumu, na joto lake laweza kukipinda kitako kizima.

2. Mashimo ya kutu yaliyozama katika uso wa nyuma wa kisu karibu na makali. Makali ni mkutano wa nyuso mbili. Uso mmoja ukiwa na mashimo, makali nayo yatakuwa na mapengo. Kisu kipya chaweza kununuliwa, lakini bei yake sharti ihesabiwe.

3. Kisu chenye rangi ya buluu karibu na makali. Rangi hiyo hutokea chuma cha pua kinapofikia kiasi cha nyuzi 300 za sentigredi, na ni dalili kwamba mtu alikinoa kwa gurudumu la umeme bila kukipoza kwa maji. Ugumu wake umepungua. Kama rangi imeishia mwanzoni mwa makali, sehemu hiyo yaweza kuondolewa. Ikiwa imepanda mbali, kisu hakifai.

4. Kukosekana kwa parafujo, gurudumu au kiti chake. Parafujo za randa nyingi za mtindo wa Bailey zina nyuzi zisizolingana na vipimo vya kawaida vya metri, kwa hiyo iliyonunuliwa duka la vifaa vya ujenzi haitaingia.

Kasoro zinazotibika ni kutu ya juu juu, mpini uliopasuka, kisu butu, kitako kilichobonyea kidogo, na rangi iliyobanduka. Mpini mpya waweza kuchongwa na fundi mwenyewe kwa kipande cha mninga. Kitako husawazishwa kwa kukisugua juu ya karatasi ya msasa iliyobandikwa kwenye kioo kinene. Kisu kiwe kimefungwa mahali pake lakini kimerudishwa ndani, ili mwili uwe katika mkazo ule ule wa wakati wa kazi.

KEMIA YA KUONDOA KUTU

Kutu ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji. Hutokea pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana, na chumvi huiharakisha, kama wajuavyo wakazi wa pwani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ndiyo sababu hujiinua na kubanduka, ikakiacha wazi chuma kipya kiliwe tena.

Asidi dhaifu huiyeyusha oksidi na kufanya chumvi na maji. Siki ya mezani, ambayo ina asidi ya asetiki, yatosha kabisa. Fungua randa vipande vipande, ondoa mipini, na uviloweke vipande vya chuma ndani ya siki usiku mmoja katika chombo cha plastiki. Asubuhi visugue kwa brashi. Ukiona viputo vingi, hiyo ni hidrojeni, nayo ni ishara kwamba asidi imemaliza kutu na sasa inakila chuma chenyewe, basi vitoe mara moja. Visuuze kwa maji yenye magadi ili asidi iliyobaki ibatilike, vikaushe kwa kitambaa na jua, kisha uvipake mafuta siku hiyo hiyo. Chuma kilichotoka katika asidi hushika kutu mpya kwa haraka mno.

Tahadhari mbili. Usitumie kamwe asidi ya betri, kwa maana ni kali, huunguza ngozi na macho, na hukiharibu chuma. Tena rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo usizikwangue zikiwa kavu na kuvuta vumbi lake.

RANDA MPYA HUUZA NINI?

Randa mpya zilizopo sokoni leo ni za aina mbili zilizo mbali sana. Aina ya kwanza ni zile za bei kubwa, kama zinazotengenezwa na Lie-Nielsen ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1981, au Veritas ya Kanada. Mwili wa randa hizi hufanywa kwa chuma cha kusubu ambacho grafiti yake imefanywa kuwa viduara badala ya vijani, na kwa hiyo zikianguka sakafuni hazipasuki kwa urahisi. Chuma hicho huondolewa mvutano kabla ya kukwanguliwa, na visu vyake ni vinene. Ni zana bora, tayari kwa kazi baada ya kunolewa kidogo. Lakini bei yake, pamoja na usafiri na ushuru, humshinda fundi wa kawaida.

Aina ya pili ni zile za bei ndogo zinazojaa madukani mwetu. Si zote mbaya. Lakini mnunuzi na aelewe kwamba nyingi huuzwa zikiwa hazijamalizika kutengenezwa. Kitako hakijanyooshwa barabara, kiti kina rangi, kifuniko hakizibi, na kisu hakijanolewa. Fundi ndiye atakayeimalizia kazi ya kiwanda. Kwa maneno mengine, randa mpya ya bei ndogo na randa kuukuu zote mbili huhitaji ukarabati. Tofauti ni kwamba kasoro za kuukuu huonekana kwa macho, bali za mpya zimefunikwa kwa rangi. Hapo ndipo nilipokosea: nilidhani upya ni uthibitisho wa ukamilifu.

HESABU YA UAMUZI

Tuiweke hoja hii katika hisabati. Tuseme K ni bei ya randa kuukuu, V ni gharama ya vipuri, S ni idadi ya saa za ukarabati, U ni thamani ya saa moja ya kazi yako, na M ni bei ya randa mpya yenye ubora unaolingana, iliyo tayari kwa kazi. Kununua kuukuu kuna faida iwapo:

K + V + (S × U) < M

Chukua mfano wa kubuni, M ikiwa vipande 100 vya fedha, K ikiwa 35, V ikiwa 15, na S ikiwa saa 8. Kama saa yako ina thamani ya vipande 4, jumla ni 35 + 15 + 32 = 82, nawe umefaidi vipande 18. Kama saa yako ina thamani ya vipande 8, jumla inakuwa 114, na ingekuwa heri ununue mpya.

Mlinganyo huu wafundisha mambo mawili. Kwanza, jibu sahihi kwa fundi aliyejaa kazi si lazima liwe sahihi kwa kijana anayeanza, ambaye fedha zake ni chache kuliko saa zake. Pili, kosa la kawaida ni kulinganisha K na bei ya randa mpya yoyote iliyo rafuni. Ukitaka kulinganisha na randa mpya ya bei ndogo, lazima uiongezee nayo saa zake za ukarabati. Kwa shule kuna jambo la tatu: mwanafunzi anayeikarabati randa hujifunza kunoa, kupima na kusawazisha. Saa hizo kwake si gharama, bali ni masomo.

Ukubwa wa randa nao uingizwe katika hesabu. Randa fupi ya milimita 245 hufuata mabonde ya ubao. Randa ndefu ya milimita 560 huyavuka, ikaparua vilele tu hadi ubao unyooke. Katika bonde la mviringo, pengo lililo chini ya randa hukua kwa mraba wa urefu wake. Kwa hiyo ile ndefu huacha pengo kubwa zaidi ya mara 5 kuliko ile fupi. Anayetaka kuunga mbao za meza kwa gundi atahitaji ndefu. Mwenye fedha za randa moja tu atafute ile ya kati, yenye urefu wa milimita 355 hivi, ambayo huweza kufanya kazi zote mbili kwa kiasi.

JARIBIO LA DARASANI

Walimu waweza kuwaongoza wanafunzi katika jaribio lifuatalo, lisilohitaji maabara.

Chukueni randa mbili au tatu, kuukuu na mpya, bila kuwaambia wanafunzi bei zake. Rudisheni visu ndani. Wekeni kila randa juu ya kioo kinene kilichotandazwa mezani, na mjaribu kupenyeza ukanda wa karatasi ya daftari chini ya ncha ya mbele, chini ya mdomo, na chini ya ncha ya nyuma. Mahali ambapo karatasi inapita bila kukwama pana pengo la milimita 0.1 au zaidi. Chora mchoro wa kila kitako.

Kisha noeni visu vyote kwa jiwe moja na kwa pembe moja, digrii 30. Pigeni randa kipande cha msonobari na kipande cha mvule. Kusanyeni maranda, yakunjeni mara kumi, mpime unene kwa rula na kugawanya. Andikeni randa ipi ilitoa maranda membamba kuliko zote bila kung'oa nyuzi, na mlinganishe matokeo na mchoro wa kitako. Mwishoni ndipo mtaje bei. Katika mvule wanafunzi huweza pia kugundua kwamba makali yanakufa haraka, kwa kuwa mti huo mara nyingine hubeba ndani yake vijiwe vya kalsiamu kaboneti.

HITIMISHO

Tumeona kwamba swali "kuukuu au mpya?" halikuulizwa sawasawa. Swali linalofaa ni hili: kitako kimenyooka? Kisu kimekaa imara? Kifuniko kinaziba? Chuma cha kisu kinashika makali? Na itanigharimu fedha na saa ngapi kufikia hapo? Umri wa randa hautajibu hata moja kati ya maswali hayo. Kipande cha karatasi na kioo vitayajibu.

Mpwa wangu alirudi kwa yule mzee. Randa ilikuwa ingali pale. Mzee alimwuzia kwa malipo ya vipindi, na jioni mbili alikaa naye uani akimfundisha kunoa. Randa ile mpya haikutupwa. Tulikwangua rangi ya kiti, tukakisugua kitako juu ya kioo, na sasa yatumika kwa kazi nyepesi. Deni la meza ya mninga lilimchukua kijana miezi mingi kulimaliza. Nilimchangia sehemu, kwa kuwa ushauri usiopimwa nao una bei yake, na si haki kila mara bei hiyo ilipwe na mwombaji.